Kenge Aliyezoea Mkono Wangu

Kwa miaka minne sikutia mkono mahali nisipopaona. Sikuuingiza mfukoni mwa koti, wala ndani ya gunia la unga, wala chini ya mto niliolalia. Kiatu nilikigeuza kwanza na kukigonga chini kabla ya kukivaa. Watu walidhani ni unadhifu, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Hofu hiyo niliipata Bwegera, wakati wa kuvuna mpunga. Nilikuwa nimeshaacha shule zamani, darasa la nne, na tangu hapo nilikuwa nimeacha kazi nyingi kiasi kwamba mama alikataa kuniuliza habari zake. Siku hiyo niliinama kuinua mganda, mkono ukapita chini yake, nikashika kitu kinene kilichokuwa kikisogea. Hakikuniuma. Kiliteleza tu kati ya vidole vyangu, taratibu, kama mtu anayeondoa mkono katika salamu asiyoitaka. Niliacha mganda pale pale. Niliacha shamba, nikaacha na kofia.

Nikawa konvuayeri, yaani yule anayepanda nyuma ya lori na kulinda mizigo. Kazi ile niliipenda kwa sababu nyoka hawapandi lori, na kwa sababu kila siku kulikuwa na mlima mpya wa kuuliza jina lake. Uhuru ulipokuja, mwenye lori alivuka mpaka kwenda Usumbura akasema atarudi. Mwaka ukaisha. Lori likalala bila tairi kando ya barabara ya bonde la Ruzizi, nami nikateremka kwa miguu hadi Uvira, kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane. Aliniita "baba" kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Kabla ya uhuru alifua nguo za mzungu mmoja katika mtaa wa Kimanga, mtu mpole aliyechora wanyama wanaotambaa na kuwafuga katika chumba kirefu nyuma ya nyumba. Mzungu huyo naye alivuka mpaka. Wenye sumu aliwatia kwenye chupa za pombe kali kabla ya kuondoka. Waliobaki hai aliwaacha kwa shangazi pamoja na ufunguo: chatu wawili, nyoka wadogo wanne wasiodhuru, kobe, vinyonga, na kenge mmoja. Alimwambia ni wiki mbili tu.

"Wiki mbili gani, shangazi?" nilimuuliza siku nilipofika. "Mwaka umepita."

"Mutu akikuachia mutoto, akichelewa, unatupa ule mutoto?"

"Hawa si watoto. Ni nyoka."

"Basi lala inje," akasema, na kunipa bugali.

Sikulala nje. Nililala katika chumba cha watumishi kwenye nyumba ile ya mzungu, ukuta mmoja tu kati yangu na wao, nikisikia jinsi chatu alivyojivuta juu ya mbao. Wiki ya kwanza sikufumba macho vizuri. Lakini mimi nina ugonjwa mwingine mkubwa kuliko hofu: siwezi kusikia kitu bila kutaka kujua ni nini. Shangazi aliujua ugonjwa huo tangu nikiwa mdogo, na ndio alioutumia kuniponya.

Hakunisukuma. Alinituma maji mpaka mlangoni, basi. Baada ya siku kadhaa akaniambia niketi nimeupa mlango mgongo, nisikilize, nimwambie nani anakula na nani analala. Kisha akanipa ngozi iliyovuliwa na chatu, nyepesi kama karatasi ya sigara, nikaona hata jicho lilivaa ngozi yake. Nikamuuliza: kama jicho linavuliwa, mnyama huyo analala vipi bila kope?

"Minye sikusoma. Ingia uangalie."

Nikaingia. Nilianza na kobe kwa sababu kobe hawezi kumkimbiza mtu. Kumzoea kinyonga kulinichukua mwezi mzima. Kwetu kinyonga anaogopwa kuliko nyoka, na nilipomwona akizungusha jicho moja kwangu na jingine ukutani nilitoka nje kuvuta pumzi. Siku niliyoweka kiganja juu ya chatu nilikuwa nimejiandaa kwa baridi, kwa utelezi, kwa ule mpunga wa Bwegera. Alikuwa mkavu. Jua lilikuwa limempiga dirishani, na alikuwa na joto la jiwe la jikoni baada ya chungu kuondolewa. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Jioni ile nilitia mkono ndani ya gunia la unga mpaka kwenye kiwiko, bila kuangalia, nikauacha humo.

Sheria ya shangazi ilikuwa moja. Kabla ya kugusa mnyama yeyote, unanawa kwa majivu. Alikuwa na chungu cha majivu mlangoni na birika la maji kando yake. Sisi wa ziwani, mikono yetu inanuka ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, toka asubuhi hadi usiku. Tunawavua, tunawaanika mchangani, tunawala, tunawabeba. Harufu hiyo hatuisikii wenyewe. Kenge anaisikia. Kenge alikula ndagala, na shangazi alimlisha kwa koleo la mwanzi, hata siku moja si kwa mkono.

"Samaki ni samaki, mukono ni mukono," aliniambia. "Usimufundishe kama ni kitu kimoya."

Kenge huyo shangazi alimlea mwenyewe kutoka yai. Alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima bila kuhesabu mkia, na alipomsikia shangazi alikuja mbio kwenye wavu wa kizimba chake, ulimi ukitoka na kurudi. Shangazi alimkwaruza shingoni kwa kucha. Sijaona mnyama mwingine akifumba macho vile.

Majirani walimwogopa shangazi, na walimhitaji. Mto Mulongwe ulipofurika, nyoka waliteremka na maji hadi ndani ya nyumba, nao walikuja kumwita. "Mama, iko kamba mu chumba," walisema, maana jina lenyewe hawakutaka kulitaja. Shangazi alikwenda na fimbo yake na kikapu, akatoka na kikapu kizito, wao wakimpisha njia kama anayebeba maiti. Baadaye mara nyingi alinituma mimi. Nilipenda kupishwa njia. Hilo nalikiri sasa: nilipenda sana.

Hapo ndipo nilipoharibu. Jumapili, shangazi akiwa kanisani, vijana wa Mulongwe walikuja kuchungulia dirishani, na wasichana nyuma yao. Niliwaonyesha chatu mabegani mwangu, wakapiga yowe, nikafurahi. Kisha nikamlisha kenge kwa koleo.

"Ee! Muangalieni!" mmoja akasema. "Anamulisha sawa mutu anageuza nyama ku moto!"

"Labda anamwogopa," msichana mmoja akajibu, kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

Nikaweka koleo chini. Nikachukua ndagala kwa vidole, nikampelekea kenge mdomoni. Alimtwaa polepole, kwa adabu. Wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata walikuja wengi zaidi. Niliendelea hivyo kwa miezi, na kila Jumapili kenge alikuwa mwepesi kidogo kuliko ile iliyopita. Mwishoni hakungojea tena samaki. Aliruka kwenye mkono wenyewe. Siku moja alinishika kidole gumba, ukucha ukapasuka katikati. Nilikifunga kitambaa.

"Umefanya nini?" shangazi aliuliza.

"Mlango umenifinya."

Alikiangalia, akanipa mafuta ya mawese nipake. Nikaacha mchezo wa Jumapili. Nilijiambia kenge atasahau.

Mwaka wa nne wa uhuru, mvua zikielekea kukatika, waasi waliingia Uvira. Walikuja na majani kichwani na maji yao ya dawa, ambayo walisema yanageuza risasi kuwa matone. Walikuwa na miiko mingi, na aliyeivunja hakuulizwa mara mbili. Wiki ile ile walimchoma mkuki karani mmoja kwa sababu alikutwa na kalamu mfukoni. Mimi, niliyekuwa nikiandika katika daftari la mzungu siku ambazo chatu huvua ngozi, nililificha daftari darini na penseli nikaitupa chooni.

Walifika kwetu asubuhi. Walikuwa watano: mkubwa wao mwenye bunduki, watatu wenye mikuki, na mganga wao wa maji, mtu mfupi aliyebeba chupa na tawi la mti. Majirani walikuwa wamewaambia. Ni wale wale tuliotoa kamba vyumbani mwao. Mimi nilikuwa nimekaa uani naziba tairi la baiskeli. Shangazi alikuwa ufukweni akianika ndagala.

"Banyoka ba nani, hii?" mkubwa aliuliza.

"Ba muzungu."

"Muzungu iko wapi?"

"Alikimbia."

"Na nani anabalisha? Weye?"

Ncha ya mkuki ilikuwa mbele ya kitovu changu. Nikaona kwamba hofu yangu ya zamani ingeweza kunifaa.

"Minye? Hapana, chef. Minye ninaogopa nyoka."

Walicheka. Mmoja akaingia chumbani, akatoka na ngozi kuukuu ya chatu kwenye ncha ya mkuki, akanirushia mabegani. Ngozi ile niliijua. Ilikuwa nyepesi kama karatasi ya sigara. Nikapiga kelele, nikaruka, nikaangusha baiskeli, nikajibanza ukutani nikilia nitolewe. Walicheka mpaka majani yakawaanguka vichwani.

"Mwanaume muzima!"

"Na ndevu iko nazo, bure!"

Kelele zile nilijua mahali pa kuzitoa, kwa sababu zamani zilikuwa zangu kweli. Nilizivaa tu tena.

Shangazi akatokea na beseni la ndagala kichwani. Aliona mlango wa chumba u wazi, akaweka beseni chini, na kwa mazoea ya miaka akaenda moja kwa moja kwenye chungu cha majivu. Magamba ya samaki yaling'aa mikononi mwake mpaka kwenye viwiko.

"Acha!" mganga akasema. "Majivu ya nini?"

"Kunawa, baba. Mikono iko na samaki. Siwezi kubagusa na samaki."

"Kila siku unanawa mu majivu mbele ya kuingia kwa nyoka?"

"Kila siku."

Mganga akawageukia wenzake kama mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. "Munasikia? Ile ni dawa. Dawa mbili hazikai mu muji moya." Akapiga chungu teke. Majivu yakamwagika. "Ingia hivyo hivyo. Ubashike moya moya, tuone."

Shangazi alinitazama pale ukutani nilipojibanza na ngozi ya chatu miguuni. Sidhani alielewa mara moja.

"Baba," aliniambia, "ubaambie. Weye unajua ni juu ya harufu tu."

Ni maneno matano au sita. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Minye sijuwe kitu, mama," nikasema. "Minye ninaogopa nyoka."

Nilimwita mama. Si shangazi. Mama, kama unavyomwita yeyote anayeuza nyanya. Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaingia.

Mlango ulikuwa wazi na sote tuliona. Alimwinua chatu wa kwanza, chatu hakujali. Chatu hali samaki. Alimwinua wa pili, akajiviringisha mkononi kama bangili. Wale nyoka wadogo aliwashika wote wanne pamoja. Wenye mikuki walirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Mmoja akanong'ona, "Muchawi." Mkubwa akainua bunduki kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayeanza kuamini.

"Na ile," mganga akasema, akionyesha kenge.

Kenge alikuwa ameshasimama kwenye wavu. Ulimi ulikuwa ukitoka na kurudi haraka, haraka, kama siku za Jumapili. Shangazi hakujua habari za Jumapili. Katika uwanja ule, watu saba, mimi peke yangu nilijua mnyama yule alikuwa akingojea nini. Shangazi alifungua wavu. Aliongea naye kidogo, akanyoosha mkono amkwaruze shingoni. Nilikuwa na muda wa kusema. Kila nikikumbuka, muda ule unakuwa mrefu zaidi.

Kenge alimshika vidole vitatu, akajizungusha.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema tu, "Aa, weye," kama anayesema na mtoto aliyevunja chungu. Damu ikaruka kwenye mbao. Kenge hakuachia mpaka mmoja wao alipomchoma mkuki mara mbili, na hata alipokufa walilazimika kumpanua taya kwa ncha ya chuma. Mimi nilikuwa bado ukutani. Nilikuwa mtu anayeogopa nyoka, ningewezaje kusogea?

Kisha likatokea jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Mwenye mkuki akaanza kucheka.

"Ameumwa! Muchawi haumwi na nyama anafuga yeye mwenyewe!"

Wengine wakacheka pia, kwa nafuu. Bunduki ikashuka. Mganga alinuna kidogo, lakini alimnyunyizia shangazi maji yake kwa tawi, akasema mama huyu ni mtu kama watu wengine. Wakaondoka. Walichukua beseni la ndagala.

Zahanati haikuwa na mtu. Nilimbeba shangazi mgongoni mpaka kwa muuguzi mmoja mzee aliyejificha Mulongwe, naye siku ya nne, mkono ulipokuwa umevimba na kunuka, alikata vidole viwili. Cha tatu kilipona lakini hakikukunjika tena.

Majirani walikuja kumwona, na nje walinipiga bega. "Ulifanya vizuri kunyamaza," walisema. "Kama ungesema, wangemupa majivu, nyama haingemuuma, na wangemuua sawa muchawi. Weye ndiye ulimuponya." Maneno hayo niliyanywa kama mtu mwenye kiu. Na ni kweli, kwa hesabu ya nje. Lakini wakati ule mimi sikujua hivyo. Sikunyamaza ili kumponya. Nilinyamaza kwa sababu ya ncha ile mbele ya kitovu changu, na kama wangemchoma yeye badala ya kenge ningenyamaza vile vile, na ngozi ya chatu miguuni.

Alipopata nguvu aliniambia niwaachilie wanyama, wiki mbili za mzungu zimekwisha. Niliwabeba chatu mabegani, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, kupitia katikati ya Kimanga hadi kwenye mafunjo ya ziwa. Watu walinipisha njia. Sikumtazama mtu. Nyoka wadogo na kobe nao walikwenda, vinyonga nikawaweka mtini. Chumba kikabaki na harufu tu.

Mimi ambaye kabla ya Uvira sikuwahi kukaa mahali miaka miwili, nilikaa kwa shangazi. Vita vilipita, barabara zikafunguka, malori yakaanza tena kuita. Sikwenda. Yeye hakuwahi kuniuliza juu ya siku ile, juu ya "mama" niliyomwita. Aliuliza jambo lingine, na aliliuliza mara nyingi, akiwa amekaa mlangoni, mkono wake juu ya paja.

"Kwa nini ile nyama, baba? Nilimutoa mu yai. Chatu ameniacha, yeye aniume?"

"Labda aliogopa watu," nilijibu.

"Labda."

Mkono ule haukuweza tena kushika birika, kwa hiyo kabla ya kula ni mimi niliyemmwagia maji. Kwetu mdogo humnawisha mkubwa, si jambo la ajabu. Mara mbili kwa siku nilisimama mbele yake na birika, naye akanyoosha ule mkono mpana wenye nafasi katikati, maji yakipita pale ambapo vidole vilikuwa. Mara mbili kwa siku nilijiambia: leo. Namwambia juu ya Jumapili, juu ya wasichana dirishani, juu ya koleo nililoliweka chini. Bugali ukapoa, tukala, leo ikapita.

Siku moja, nikiwa nimeinama, alinishika mkono kwa mkono wake mzima. Alikigeuza kidole gumba changu kwenye mwanga. Ukucha haukuwahi kuota vizuri. Mpaka leo una mstari katikati, na chini yake alama nne ndogo, zimepangana.

"Mulango ulikufinya vibaya," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

Aliziangalia zile alama kwa muda, moja moja.

"Mulango iko na meno."

Aliniachia kidole, akarudisha mkono wake chini ya birika, akangoja.

"Baba," akasema, "maji iko inamwangika chini."